Vishikio vya Jikoni kwa Bi Nyamvula

"Mama Jalila, na hayo mafuta ya nazi unayapeleka wapi? Huko mnakoenda ni duka la misumari, hakuna anayekaanga viazi."

Aliyeuliza ni Philister, jirani yetu wa nyumba ya buluu hapa Likoni. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa Shaabani, naye alikuwa akianika nguo za watoto. Bi Nyamvula alikuwa ametoka na buibui lake, na mkononi alishika kichupa cha mafuta ya nazi. Alikishika kwa viganja viwili, kama mtu abebaye yai.

"Naenda kuchagua vishikio vya makabati," alimjibu. "Mpishi hajaribu kitu na mikono mikavu, mwenzangu."

Philister alicheka, na mimi nikacheka, na Jalila, binti wa Bi Nyamvula, akacheka zaidi yetu. Tukashika njia watu watatu.

Bi Nyamvula ni Mdigo, mzaliwa wa papa hapa. Shamba la babu yake limeliwa na nyumba, imebaki minazi mitano nyuma ya uwanja wake. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, ndipo akapewa jina hilo. Kwa miaka zaidi ya thelathini amekuwa mpishi wa harusi. Wengi wetu mtaani tuliolewa kwa pilau yake, na wengine tumezikiwa wazee wetu kwa pilau yake hiyo hiyo. Mumewe, Mzee Matano, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alimpenda kwa pua kabla hajamwona uso. Na kila Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, sahani za mbaazi za nazi hutoka kwake zimefunikwa kwa kawa, ziende nyumba saba. Moja ni ya Philister, ambaye hafungi, na ndiye wa kwanza kusimama mlangoni kuingojea.

Jiko lake la zamani lilikuwa chumba cha matofali chenye meza ya saruji. Chini ya meza palikuwa na rafu, na mbele ya rafu pazia la maua lililopitishwa waya. Ukitaka sufuria, unalisukuma pazia kwa mgongo wa mkono, basi. Jalila, ambaye ni mwalimu kule Voi, hakulipenda pazia lile tangu akiwa msichana. Panya walilipenda zaidi. Mwaka huu akaamua kumbadilishia mama yake jiko lote. Fundi Kenga alitoka Bombolulu na mbao zake, akajenga makabati ya juu na ya chini, akayapaka vanishi mpaka ukajiona uso. Vilibaki vishikio tu. Jalila alikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula, siku nne, na alitaka arudi Voi kazi imekwisha.

"Fundi, kwani huwezi kuniachia pazia langu?" Bi Nyamvula alimwuliza Kenga siku moja mbele yangu.

"Mama, kabati la mvule na pazia ni kama suti na ndara miguuni."

"Basi mimi ndara ndizo zinifaazo."

Kenga alidhani ni mzaha. Mimi sikudhani hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo.

Nilikuwa nimemwona sokoni akinunua nazi iliyokunwa kwa mashine. Huyu ndiye aliyekuwa akituambia miaka yote kwamba nazi ya mashine ni ya watu wavivu, tui lake halina roho. Nilipomwuliza, alisema mbuzi yake ya kukunia imevunjika mguu. Siku ile ile nikaenda kwake kuazima ungo, nikaiona mbuzi imetundikwa ukutani, miguu yote mizima. Nikaazima ungo, nikaaga. Dini yatufunza kusitiriana. Lakini nilivitazama vidole vyake alipokuwa akinipa ungo, nikaona vimevimba viungoni na havikunji. Baridi yabisi. Kidole gumba na cha shahada havikutani tena bila maumivu, na kishikio kidogo cha kabati hushikwa kwa hivyo viwili.

Kwa nini alificha? Nalijua hilo pia. Dada yake Waridi, wa Kisauni, alishikwa na magoti. Wanawe wana huruma, wakamwajiri msichana wa kazi siku hiyo hiyo. Bi Nyamvula alikwenda kumtazama. Usiku ule barazani akaniambia, "Waridi amekuwa mgeni kwake. Amekaa sebuleni, auliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi." Nikafahamu kuwa hicho ndicho akiogopacho, kutolewa jikoni kwa mapenzi.

Basi tukafika dukani kwa Hassan.

"Shikamoo, Bi Nyamvula."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Karibuni."

Hassan ana ubao mkubwa ukutani, amefunga kila aina ya kishikio, na chini ya ubao kuna kabati dogo la kujaribia. Jalila alitoa simu, akamwonyesha picha. Alitaka vile vya duara, vidogo, rangi ya dhahabu, kama vifungo vya koti. Hassan akavitoa, akafunga kimoja kwenye mlango wa kabati.

Bi Nyamvula akafungua kichupa kwa meno. Akajipaka mafuta vidole vyote, taratibu, akanyoosha mkono.

"Chateleza," alisema.

Hassan akafunga kingine, cha rangi ya fedha. Kikateleza. Akafunga cha udongo wa kuchoma, cheupe chenye ua. Kikateleza pia.

"Bi mkubwa, wallahi kwa mafuta hayo hata mlango wa msikiti ungeteleza," Hassan alisema, huku akipangusa kwa kitambaa.

"Wewe wauza vishikio au wauza maneno? Mimi nikipika mikono yangu huwa na tui, huwa na unga. Nataka kisichoteleza." Kisha akapeleka mkono kwenye kishikio kirefu cha chuma, kilichopinda kama upinde. Hakukishika kwa vidole. Aliupitisha mkono wote nyuma yake, akavuta. Mlango ukaja. "Hiki."

"Mama, hicho ni cha mlango wa zahanati," Jalila alisema.

"Zahanati watu wapona."

"Si utapangusa mikono kwanza? Leso iko kiunoni siku zote."

"Na mtoto akiwa analia, na sufuria ikiwa yafurika?"

"Mtoto gani, Mama? Mimi nina miaka thelathini na minne."

Hata Bi Nyamvula alicheka hapo. Ndipo Jalila, bila ubaya wowote, akachukua ncha ya leso yangu, akaushika mkono wa mama yake, akaanza kuupangusa mafuta. Alipangusa kidole kimoja, cha pili. Kwenye cha tatu akapunguza mwendo. Alikuwa amekifikia kifundo kilichovimba. Akavirudia vile viwili vya kwanza, sasa si kwa kupangusa.

"Jaribu sasa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mikavu."

Bi Nyamvula angeweza kukataa. Alinyoosha mkono kwenye kile cha duara. Vidole vilifika, vikakizunguka, na havikufunga. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mlango haukusogea.

Hassan alitupa mgongo, akaanza kupanga skrubu ambazo zilikuwa zimepangika.

"Tangu lini?" Jalila aliuliza.

"Tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi."

"Na kila nikipiga simu waniambia uko salama."

"Niko salama. Ni vidole."

"Nitakutafutia msichana wa kukusaidia, Mama. Hata kesho."

"Nilijua utasema hivyo. Ndiyo maana nikaja na mafuta."

Jalila akaugeukia ubao. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alikunja ngumi, kama mtu asiye na vidole, akaanza kujaribu vishikio kimoja kimoja kwa ngumi ile. Vile vya duara vilimshinda. Vile vyembamba vilimbana. Akafika kwenye kile cha upinde, akakivuta kwa kifundo cha mkono, mlango ukafunguka. Akaufunga, akaufungua tena.

"Hiki hakishiki kutu?" alimwuliza Hassan. "Sisi tuko karibu na bahari."

"Hicho hakishiki. Vile vya dhahabu ndivyo vingekuaibisha kabla ya Idi."

"Ungesema mapema."

"Ulikuja na picha, mwalimu. Mtu akija na picha mimi hunyamaza."

Tukarudi na vishikio vya upinde, vya kutosha milango yote. Philister alipotuona aliuliza kama mafuta yalibaki. Bi Nyamvula akampa kichupa chote.

Kenga alikuja baada ya adhuhuri. Jalila alimwambia habari ya vidole, hakumficha. Kenga alitikisa kichwa, akaiweka rula yake mfukoni, akasema, "Mama, simama pale unaposimama ukipika. Nyoosha mkono kwenye kabati la viungo, usitazame."

Akanyoosha. Pale mkono ulipotua, Kenga akatia alama ya penseli.

"La sufuria."

Mkono ukashuka. Akatia alama. Wakaenda hivyo mlango kwa mlango, na Bi Nyamvula akawa akitaja vitu vilivyokuwa bado kwenye maboksi sebuleni: hapa sukari, hapa mchele, hapa sahani za Ramadhani. Kenga alipomaliza kutoboa na kufunga, Jalila alirudi nyuma akatazama.

"Fundi, hiki kimepanda kuliko mwenzake."

"Hakikupanda," Kenga alisema. "Ndipo mkono wake ulipo."

Kabla ya magharibi Bi Nyamvula aliyafungua makabati yote na kuyafunga, kila mlango kwa bismillahi yake. Alipitisha kiganja, akavuta, akaachia. Akacheka peke yake. Kisha akalikunja lile pazia la maua, akalitia katika kabati la kwanza, akaufunga mlango kwa kiwiko.

Ijumaa nzima aliimba kaswida jikoni. Lakini Jalila hakuwa amelisahau la msichana, na Jumamosi asubuhi, begi lake liko mlangoni tayari kwa gari la Voi, alilianza tena. Alikuwa amekwisha kuzungumza na binti mmoja, Mbeyu, mpole, ajua kupika.

"Ajua kupika nini?" Bi Nyamvula aliuliza.

"Kila kitu, Mama."

"Hakuna ajuaye kila kitu. Mimi mwenyewe sijui makaroni."

"Na Ramadhani yaja wiki ijayo. Nazi utakuna vipi?"

"Nitanunua ya mashine, kama nilivyokuwa nikinunua. Majirani wamekula kwangu miezi mitano, hakuna aliyerudisha sahani." Alinitazama. Nikakubali kwa kichwa, na ni kweli, tulikula.

Jalila alikaa kwenye kiti. Mama yake alikwenda kwenye kabati la chini, akapitisha kiganja, akavuta, akatoa sufuria ya mbaazi kwa mikono miwili, akaiweka juu ya jiko. Akafungua la viungo. Akafungua la chumvi. Hakuomba msaada wa mtu, na binti yake alikuwa akitazama kila mlango unavyofunguka. Kisha akaishusha mbuzi kutoka ukutani, akaiweka sakafuni mbele ya miguu ya Jalila, na kando yake nazi mbili zilizoanguka uwanjani usiku ule.

"Msichana sitaki," alisema. "Nikunie hizi mbili kabla hujaenda stejini. Kupika nitapika mwenyewe."