Baiskeli Zisizokataliwa Langoni

Theluji ikishayeyuka Milwaukee, watu hufungua mabanda ya magari yao, huona aibu kwa yaliyorundikana humo, na aibu hiyo humletea Verna Kubiak. Jumamosi asubuhi huja nazo langoni mwa duka la baiskeli la mtaa: baiskeli zilizoliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, zilizopinda fremu, zisizo na breki. "Bado nzima kabisa," husema. "Inataka upepo tu." Laiti upepo ungekuwa dawa, duka lile lingekuwa hospitali kuu.

Verna huzipokea zote. Ni mwanamke mpana wa mabega, mstaafu wa kiwanda cha ngozi, na kazi hii anaifanya kwa kujitolea. Hukamata usukani kwa mikono miwili na kusema, "Asante sana, itapata mwenyewe." Mtoaji huondoka mwepesi. Gari likishapinda kona, Verna hutoa chaki ya njano mfukoni na kuitia fremu mbovu alama. Baiskeli yenye alama hupelekwa uani, huvuliwa kinachofaa, kisha fremu hukatwa kwa msumeno kabla ya kutupwa kwenye chuma chakavu, asije mtu akaiokota na kuvunjika nayo shingo. Nyingi huishia huko. La kuvunda halina ubani.

Sheria ya langoni aliiweka Orrin Tate, fundi mkongwe aliyelianzisha duka. Zamani walijaribu kukataa. Watu walinuna, wakawa wanazitupa kwenye uzio wakati duka limefungwa, na nyingine ziliopolewa mtoni. Basi Orrin akaamua kwamba langoni hakikataliwi kitu, na mtoaji haonyeshwi msumeno. Verna alipoanza kazi, Orrin alimfundisha kwanza kunyoosha ringi, kwenye gurudumu dogo la mafunzo ambalo kila mgeni hulikaza spoku, vile vijiti vyake vya chuma, na kulilegeza tena kwa ajili ya mwenzake anayefuata. Verna alilitukana gurudumu lile matusi yote ya kiwandani. Halafu akafundishwa la langoni.

"Waambie itapata mwenyewe," Orrin alisema. "Mtu haleti chuma hapa, Verna, analeta mzigo wa moyo. Mpokee, aende zake."

Verna aliitikia kwa kichwa, lakini ndani alihisi kama sakafu imeondolewa. Maneno hayo alikuwa ameshaambiwa, langoni hapo hapo, na Orrin huyo huyo, siku alipoleta baiskeli ya binti yake.

Corinne alikufa kwa ugonjwa wa damu kabla hajamaliza shule ya msingi. Baiskeli yake ndogo ya zambarau ilibaki imeegemea ukuta wa nyuma ya nyumba kwa sababu mama mtu hakuweza kuigusa. Ikanyeshewa, ikafunikwa na theluji, ikanyeshewa tena. Alipopata nguvu ya kuileta, Orrin aliitazama kidogo, akasema itapata mwenyewe. Neno hilo ndilo lililomlisha Verna. Kila mtoto aliyepita na baiskeli, Verna alimkodolea macho, akitafuta rangi ya zambarau, na hata dukani alikuja ili awe karibu na mahali palipomfurahisha mtoto mwingine. Tangu siku ya mafunzo alikuwa na swali moja kwa Orrin, na alikuwa hajathubutu kuliuliza.

Basi majira haya akaja Mzee Emmerich, mjane, na baiskeli ya kijani ya marehemu mkewe, Hilde. Karibu na pedali fremu ilikuwa na ufa wa kuingia kucha. Verna alisema neno lake, mzee akavua kofia kumshukuru. Alasiri ile baiskeli ikakatwa.

Jumamosi iliyofuata mzee alirudi na boksi la donati.

"Vipi, imepata mwenyewe?"

"Bado, mzee."

Akarudi tena. "Bado tu?"

"Imepata," Verna akasema, ili yaishe. Hayakuisha. Njia ya mwongo ni fupi.

"Wallahi?" Uso wote ulimchanua mzee. "Huyo mwenyewe ni mrefu? Maana Hilde alikuwa mlingoti, kiti kile kilipandishwa mpaka mwisho."

"Mrefu, ndiyo."

"Anakaa upande gani? Sitamsumbua. Siku hizi nakaa kibarazani kila jioni. Nikiiona inapita, basi, nitaingia ndani nilale."

Verna alimtazama. Macho yale aliyajua, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akitazamia barabara yeye mwenyewe. Hasira ilimpanda, si kwa mzee, bali kwake yeye, kwa Orrin, kwa duka zima na huruma yake ya chaki.

"Njoo huku ndani," akasema, akampitisha mlango wa uani, ambapo hapajawahi kupita mtoaji. Orrin alikuwa amekaa karibu na gurudumu la mafunzo, spana mkononi. Akainua kichwa.

"Hakuna mtu mrefu, mzee," Verna akasema. "Niliikata mimi, siku ile ile. Fremu ilikuwa na ufa, ingemuua mtu. Nimekudanganya."

Mzee Emmerich alivua kofia, akaiviringisha mikononi.

"Aliniambia inalia," akasema mwishowe. "Hilde. Aliniambia kuna kitu kinalia huko chini. Nikamwambia, 'Unazeeka masikio, bibi wee.'" Akafuta pua. "Kimebaki nini?"

Verna alimwonyesha kiti, kilichokwisha kufungwa kwenye baiskeli nyekundu inayongoja mnunuzi. Mzee alikibonyeza kwa kidole gumba.

"Atakikalia mtu?"

"Sijui, mzee."

"Hilo nakusadiki," akasema. Akavaa kofia, akatoka polepole. Hakuondoka mwepesi kama wengine, na donati zake aliziacha.

Orrin alingoja mlango ufungwe.

"Umenivunjia sheria yangu."

"Nimeivunja."

"Haya. Wataanza tena kuzitupa mtoni, utakwenda kuziopoa wewe."

"Orrin," Verna akasema. "Ile ya zambarau."

Orrin hakuuliza ipi. Aliweka spana chini, na Verna akaona kwamba mzee huyu naye alikuwa akiliogopa swali lile miaka yote.

"Ilioza, Verna. Chumvi iliingia mpaka ndani ya fremu. Niliikata."

"Yote?"

Orrin akageuza uso kwenye gurudumu dogo la mafunzo.

"Gurudumu hilo la mbele lilikuwa zima," akasema. "Sikuwa na moyo wa kulitupa."

Verna alisogea. Ringi ilikuwa tupu, bila tairi, imeng'arishwa na mikono ya wageni wote waliojifunzia hapo, na yake mwenyewe. Alilisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka likiyumba, kwa kuwa mwanafunzi wa asubuhi alikuwa amelilegeza. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akavuta stuli, akaokota spana ya spoku, akaanza kukaza.

"Liache, Verna," Orrin akasema kwa upole. "Jumatatu kuna mgeni wa kujifunza."

"Akija atalilegeza mwenyewe," Verna akasema. "Leo nataka liende sawa."