Niliitikia Amin Kabla ya Kusikia Jina

Sikuwa na cheti cha shule hata kimoja. Sikuwa na ngamia tena, ukame uliwamaliza. Sikuwa na mtoto wa kiume, wala gari, wala jamaa serikalini. Na hamu ya kugombea cheo sikuwa nayo kabisa.

Lakini Jumamosi moja, kufikia adhuhuri, nilikuwa mgombea wa wadi yetu. Hakuna aliyeniuliza.

Mimi ni mzee wa Garissa, na jioni nasoma darasa la watu wazima. Muhula huu mwalimu Mutuku, kijana wa Machakos, alitufundisha katiba ya Marekani. Kwamba serikali hupata nguvu kwa ridhaa ya watu. Kwamba anayetunga sheria siye anayeitekeleza, na anayehukumu ni mwingine, ili kila mmoja amzuie mwenzake asizidi.

Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilielewa mara moja. Kisimani kwetu mwenye ngamia hagawi zamu ya maji. Akigawa, watakunywa wake tu.

Sasa huko Bura, kwenye wadi yetu, wazee wa ukoo wakaitana kuamua nani awanie uwakilishi wadi. Kwetu wazee wakishakubaliana, fatiha husomwa, watu huitikia amin, na mjadala umekufa. Siku ya kura ni kutia muhuri tu.

Fatumo, binti ya marehemu kaka yangu, alitaka kiti hicho. Ndiye aliyehangaika mpaka kisima kikarekebishwa, wanaume wakitafuna miraa. Hakuitwa kikaoni. Nikaenda mimi, damu ikichemka.

Niliwasimulia niliyosoma kuhusu katiba ya Wamarekani, kisha nikawauliza: ninyi mnateua, ninyi mnahukumu, ninyi mnatekeleza. Ninyi mnazuiwa na nani?

Mwenyekiti, mzee Dekow, akatabasamu.

"Hao Wamarekani wako walipoandika 'sisi watu' kwenye katiba yao, wanawake walikuwepo?"

Kikao kikaangua kicheko.

"Hawakuwepo," nikasema. "Wala watumwa. Na iliwachukua zaidi ya miaka mia kuwapa wanawake kura nchi nzima. Fatumo hana miaka mia."

Kicheko kikakatika.

Wakanong'onezana. Kisha Dekow akainua mikono na kusoma fatiha. Nami, kwa mazoea, nikainua yangu na kuitikia amin. Nilidhani ni dua ya kufunga kikao.

"Mgombea wetu," akatangaza, "ni huyu msomi."

Wakanikumbatia mmoja mmoja. Nilidhani ni dhihaka, mpaka Fatumo aliponipigia simu.

"Nimesikia, adeer. Siwezi kushindana na ndugu ya baba yangu. Najitoa."

Wallahi, hapo ndipo nilipoelewa. Ile haikuwa heshima. Walinikata kama tawi la miiba, wakaniburuta kuzibia lango la zizi, Fatumo abaki nje.

Nilimsihi asijitoe. Akanijibu kwa upole kwamba amin nimeitikia mwenyewe.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa hasira.

Wewe unayenisoma, ukipewa cheo usichokiomba, usikimbilie kushukuru. Uliza kwanza ni nani amefungiwa mlango.

Leo asubuhi nimemwandikia Dekow: amin yangu ilikuwa kwa Mungu, si kwenu. Sigombei. Siku Fatumo atakapopeleka karatasi zake za kugombea, jina langu litakuwa la kwanza kati ya wanaomuunga mkono.

Nikalamba bahasha, nikaibana kwa gumba, nikamkabidhi dereva wa Probox ya abiria iendayo Bura. Nikamwambia ampe Dekow mkononi, wazee wote wakitazama.