Mafuta ya Kahawia

Kariakoo ukinenepa unasifiwa. Kiuno changu kilipoanza kupotea, wateja wa duka letu la vitenge walisema nimenawiri, biashara imenikubali. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ninayeuza naye, ndiye hakusifu. Yeye alisema nakula kwa siri. Ni utani wa mawifi, naujua, lakini mchana tukikaa kwenye sinia moja la wali nilikuwa naona haya kunyoosha mkono.

Kwa hiyo nilipokwenda kliniki Upanga sikufuata dawa tu. Nilitaka mtu aseme si ulafi.

Na daktari, binti mdogo aliyeniamkia kabla ya kunipima, alisema karibu hivyo. Alinieleza kwamba homoni za ubongo zinasimamia njaa, na zinachangia pia kuyaamsha mafuta ya kahawia ili yachome chakula kiwe joto. Huenda kwangu yamelala. Ni mafuta mazuri, alisema, ila watu wazima wengi tunayo machache. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Mtu mzima nimezeekea Bongo, nitaulizaje swali la kishamba?

Nilitoka pale moja kwa moja hadi sokoni, kwa muuza mafuta, nikamwambia anipe ya kahawia. Akanipa ya ufuta, yaliyokamuliwa kienyeji huko kusini. Nikamringia wifi: tatizo langu ni homoni za ubongo, si sinia, na dawa yake hii hapa. Nikawa nakunywa kijiko kila mlo.

Siku ya kurudi kliniki nilimchukua wifi akasikie kwa masikio yake. Nikapimwa, uzito umezidi. Nikatoa chupa mkobani, nikauliza kama niongeze vijiko.

Daktari aliinamisha uso kwanza. Kisha akagusa shingo yake, karibu na bega. "Mama, niliyosema hayauzwi. Yako humu mwilini. Mimi ndiye sikufafanua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamsubiri wifi acheke, maana cheko lake ningelistahimili. Hakucheka. Tulipopanda bajaji kurudi dukani alikuwa bado anaangalia viatu vyake.

"Na mimi nakunywa," alisema. "Nilinunua chupa yangu kimyakimya. Nilikuamini, wifi."

Kuitwa mlafi nilikuwa nimezoea. Hili la kuaminiwa lilinishinda, nikajifunika uso kwa mtandio mpaka Kariakoo.