Wifi Yangu na Sheria ya Rudisha

Mimi na sinema hatuivi chungu kimoja. Nikikaa mbele ya televisheni, kabla hata majina hayajaisha kupita, kichwa kimeshaanguka kifuani na mate yananitoka. Kwa hiyo asije mtu akadhani nawasifu watu wa sinema kwa kuwa na mimi ni mwenzao. Namsema wifi yangu, mke wa kaka yangu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Jicho. Na nikimsifu, mjue sifa hiyo imenitoka kwa taabu, maana tumegombana mimi na yeye miaka ishirini na miwili ndani ya chumba kimoja cha kushonea.

Chumba chenyewe kina cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona. Yeye anakata na kushona. Mimi natia vifungo, nakunja pindo, napiga pasi na kupokea lawama za wateja. Ukuta wa mbao ndio unaotutenganisha na kinyozi. Ukipiga chafya upande wetu, upande wa pili wanakuombea afya. Kinyozi ni mgane, chumba chake cha kulala kiko nyuma ya saluni, na ana televisheni kubwa kuliko zote za mtaani. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kila Jumapili mchana wanafunga pazia la saluni na kutazama filamu moja. Wifi, kinyozi, na mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Wengine huja na kuondoka, ila hao watatu ndio wenye nyumba. Filamu ikiisha, hakuna ruhusa ya kutoa maoni. Ukifungua mdomo unaambiwa, "Iache ilale!" Basi inalala. Jumatatu asubuhi, siku ambayo kinyozi hanyoi, wanakutana kwetu, mmoja anaisimulia upya tangu mwanzo, na wengine wanamvizia. Akikosea hata rangi ya kikombe, wanapiga kelele, "Rudisha!" Neno hilo lilianza zamani za kanda za video, kinyozi alipokuwa ameshika rimoti na kila asiyeelewa akimtaka arudishe nyuma. Msimuliaji akirudishwa, lazima arudi alipokosea aseme sawasawa. Akibisha, na ikaonekana kweli alikosea, adhabu yake ni kufagia saluni ya kinyozi, nywele zote, kona hadi kona.

Majina ya filamu hawayajui. Wanasema "ile ya mjane na saa ya ukutani" au "ile ya daktari mwongo", na wanaelewana. Kila mmoja anatazama kwa kazi yake. Mwalimu anahesabu. "Bastola ya risasi sita," anasema, "na yule bwana amepiga kumi na moja bila kujaza. Haya, nielezeni!" Kinyozi anatazama vichwa. Siku moja aliruka kwenye kiti: "Mtu ametoka gerezani miaka saba, kisogo kimechongwa jana! Nani alimnyoa, mlinzi?"

Wifi anatazama nguo, lakini jamani, msidhani anatafuta makosa tu. Kutafuta makosa hata mimi naweza, tena bila kutazama. Jumatatu moja walikuwa wanaizungumza filamu ya fundi saa mmoja mkimya, na wenzake wote wameiponda. Haina maneno, haina vita, mzee anarekebisha saa mwanzo hadi mwisho. Wifi aliwaacha wamalize, akashika mkono wa shati la mteja lililokuwa mezani.

"Mliuona mkono wa shati lake?" akauliza. "Hapa kwenye kiwiko. Mwanzoni una kiraka, kimeshonwa vizuri, mishono midogo midogo. Katikati ya filamu kuna kiraka cha pili, kwenye mkono wa pili. Uzi mweusi kwenye shati jeupe, mishono imekwenda upogo. Nani alishona cha kwanza?"

Mwalimu akaegemea mbele autazame mkono wa shati.

"Mkewe. Na cha pili amejishonea mwenyewe, hajui, amejichoma sindano akaendelea. Hawakutuambia kwamba mke amekufa. Wametuonyesha kiraka." Akaliweka shati chini. "Na kuna fundi mahali fulani, mwenzangu, aliyekaa akashona vibaya makusudi ili mimi nielewe. Mnajua ugumu wa kushona vibaya wakati mkono unajua?"

Mwalimu alitoa kitambaa akafuta miwani, kisha akafuta na macho. Mimi niliyekuwa nimesinzia filamu nzima niliiona yote pale pale, nimesimama na pasi mkononi, hadi nikaunguza kola ya watu. Hivyo ndivyo alivyo. Anakuonyesha kitu kilichokuwa mbele yako muda wote, na hajidai.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa kinyozi, na filamu waliyogombania kuliko zote ni ile ya mzee wa stesheni, anayemngoja mwanawe siku kumi na moja kwenye benchi, treni zikija na kupita. Wifi aliisifia kwa ajili ya koti. Kinyozi hakutaka kusikia la koti. "Ndevu, dada, ndevu!" alisema. "Siku ya kwanza amenyoa. Siku ya tatu zimechomoza. Siku ya kumi na moja zimejaa, na mwana anaposhuka anamkuta nazo. Nimeshika wembe miaka thelathini, sijawahi kuona filamu yenye ndevu za kweli isipokuwa hiyo!" Alizisifu ndevu hizo kutwa nzima. Kwa miaka, kila mtu akitaka kumfurahisha kinyozi alimtajia mzee wa stesheni.

Basi asubuhi moja tulisikia mashine ya kunyolea ikianguka upande wa pili. Wifi alifika kabla yangu. Mteja alikuwa amesimama na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, na kinyozi yuko sakafuni, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Alipotoka hospitali mguu ulikuwa unamtii kidogo, mkono wa kushoto ulikuwa mzima, lakini maneno yalikwisha. Mtu aliyekuwa akibishana na televisheni iliyozimwa, sasa ukimwuliza kitu anakutazama, koo linapanda na kushuka, halafu anageuza uso.

Dada mmoja wa hospitali anayefundisha wagonjwa kusema upya alituambia, "Maneno yamo. Njia ndiyo imeziba. Zungumzeni naye, na msimmalizie sentensi." Tukazungumza naye. Miezi mitatu ikapita.

Binti yake wa pekee anafanya kazi posta, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Alivumilia, akachoka, siku moja akaja kwetu akakaa kwenye stuli ya wateja na kushika tama.

"Shangazi," akamwambia wifi, "nampeleka kwa baba mkubwa, shambani. Kule kuna watu nyumbani kutwa."

"Ni safari ya siku mbili," wifi akasema. "Kule hakuna anayemjua tunavyomjua sisi. Atakaa anatazama ukuta."

"Nifanye nini? Wiki iliyopita nilimkuta chini, kando ya kitanda, ameanguka tangu asubuhi. Na nyinyi mko hapa, upande wa pili wa mbao! Hakuweza kuwaita. Angekuwa na neno moja tu la kuita, shangazi, moja tu, nisingemgusa."

Mimi nilijisikia vibaya mno, maana siku hiyo nilikuwa nimewasha redio kwa sauti.

"Nipe hadi mwisho wa mwezi," wifi akasema.

"Wiki tatu, shangazi."

"Nipe hizo hizo."

Kuanzia siku hiyo, kila saa saba mchana, wifi alibeba nguo za kukunja pindo, mimi nikabeba vifungo vyangu, tukaenda kukaa kwa kinyozi. Akawa anamsimulia filamu. Mwanzoni alizisimulia sawasawa, moja baada ya nyingine, na kinyozi alisikiliza kwa macho. Wiki ya pili wifi akabadili mbinu. Alianza kukosea makusudi. Alijua mtu huyo anaweza kuvumilia njaa, lakini si filamu iliyosimuliwa ovyo.

"Hakimu akaingia," anasema, "na ndevu zake ndefu hadi tumboni..." Hakimu yule hana hata unywele. Tukamtazama kinyozi. Nusu ya mdomo ikatabasamu, basi.

Wifi akaongeza chumvi. Akamfanya daktari mwongo kuwa padri. Akampandisha mjane juu ya ngamia akiwa amebeba saa ya ukutani. Mimi nilicheka sina mbavu, mwalimu aliyekuwa amepita kumsalimu akasahau kilichomleta. Kinyozi naye alicheka, mabega yanatikisika, bila sauti. Hakurudisha kitu. Alikuwa anamjua wifi kupita kiasi. Alijua kwamba mwanamke huyo hakosei, na akikosea ni mtego. Tukitoka nje wifi alikuwa anatangulia mbele kwa hasira, ingawa njia yenyewe ni hatua kumi.

"Wifi, acha sasa," nilimwambia. "Umefanya yako."

"Sijafanya kitu," akanijibu kwa ukali. "Tia vifungo vyako."

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Safari ilikuwa Jumamosi. Tulipoingia tulikuta sanduku limeshafungwa kamba, liko karibu na mlango, na wembe wa kinyozi umefungwa kwenye taulo juu yake. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini, yuko jikoni anaosha vyombo. Wifi aliliona sanduku. Akakaa, akachukua sketi ya shule ya kukunja pindo.

Hakuwa na mitego siku hiyo. Alimsimulia ile ya mzee wa stesheni, kwa heshima, kwa kumuaga. Akasimulia benchi, treni ya kwanza, koti lililokosa kifungo cha pili, mvua ya siku ya tano. Mishono ya sketi ilikuwa inakwenda upogo, yeye mwenyewe haoni, na miaka ishirini na miwili sikuwahi kuona mshono wake ukienda upogo. Akafika mwisho.

"Treni ikasimama," akasema. "Mzee akainuka. Akavua kofia. Uso wake safi, umenyolewa vizuri, na mwanawe akashuka akamshika mashavu..."

"Ru..."

Wifi aliendelea. "...akamshika mashavu, akamwambia..."

"Rudi. Rudisha."

Wifi akainua kichwa kwa hasira. Nyinyi hamjui hasira za wifi yangu akirudishwa. "Nirudishe nini? Nimekosea wapi?"

Kinyozi alikuwa amejishikiza kiti kwa mkono mzima, mishipa ya shingo imesimama. "Nde," akasema. "Nde. Ndevu!"

"Ndevu gani? Amenyolewa, nakwambia! Niliona kwa macho yangu haya! Usinibishie, kaka, koti lile nalijua uzi kwa uzi..."

"Ndevu! Rudisha!"

"Sirudishi!"

Vifungo vilikuwa vimenimwagika vyote sakafuni. "Wifi," nikasema. "We wifi. Unabishana na nani?"

Alinigeukia aniseme na mimi. Mdomo ukabaki wazi. Halafu akamtazama kinyozi, na kinyozi akamtazama yeye, na wote wawili wakaonekana kuogopa. Mlangoni binti alikuwa amesimama, mikono ina povu, analia wazi wazi. Wifi alijifunika uso kwa ile sketi ya shule akalia kwa sauti, mtu ambaye hata msiba wa mama yake alijikaza. Mimi nililia nikitambaa chini kutafuta vifungo, nisionekane.

Binti alifungua kamba ya sanduku jioni hiyo hiyo. Alichotaka ni neno moja la kuita, na neno lilipatikana. Mwanzoni kinyozi hakuwa na mengine. Akitaka maji, "Rudisha!" Akiteleza, "Rudisha!" Wageni waliokuja kupimwa nguo walishtuka kusikia ukuta ukipiga kelele, na fundi akitupa mkasi na kukimbia na futi shingoni. Sasa ana maneno mengi, anayapanga polepole, na juzi alimaliza sentensi nzima ya kumtukana mwigizaji mmoja kwa wigi lake.

Lakini nataka kuwaambia kuhusu Jumatatu ile ya kwanza, siku nne baada ya kurudishwa. Tulikuwa tumekwenda kwake wote, mwalimu naye yuko. Kabla hatujakaa, wifi alifungua saluni, ambayo binti aliifagia na kuifunga siku mashine ilipoanguka. Akachukua ufagio nyuma ya mlango.

"Wifi, hakuna nywele humo," nikamwambia. "Zaidi ya miezi mitatu hajanyolewa mtu."

"Nilikosea, nikabisha," akasema. "Sheria ni sheria."

Akainama akafagia sakafu tupu, kuanzia chini ya kioo, kuzunguka kiti, hadi mlangoni. Alifagia taratibu, hakuna aliyecheka. Alipomaliza akanyoosha mgongo na kuuegemeza ufagio ukutani. Kinyozi, ambaye mwalimu alikuwa amemkalisha kwenye kiti chake cha wateja, alikuwa amemfuata kwa macho muda wote. Akainua mkono wake mzima, akaonyesha kona moja nyuma ya pazia ambayo wifi alikuwa ameiruka.

"Rudisha," akasema.

Na wifi yangu, ambaye habishiwi na mtu, akauchukua ufagio akarudi.