Mwonja Asali wa Mwezi wa Mfungo

Siku yangu ya kwanza ya kuonja asali, sikuwa nimeajiriwa kuonja chochote. Nilikuwa dereva. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati mawakala walipotubeba kwenda Saudia makundi kwa makundi, na huku Kitui ungetafuta sana boma lisilokuwa na mtu huko. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenishikia ikama, kibali cha kuishi nchini, alikuwa na jumba mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, na ghala la asali upande wa pili wa mji. Asubuhi nilimpeleka ghalani, alasiri nikamrudisha. Saa za katikati nilikaa garini.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika, mzigo wa asali uliingia kutoka milimani. Msimamizi wa ghala, Msudani mmoja mtu mzima, alikuwa amefunga na hakutaka hata tone liguse ulimi wake. Kafili akanijia garini, akagonga kioo.

"Wewe Mkristo," akasema. "Hujafunga."

"Sijafunga, bosi."

"Yalla, ingia ndani uonje."

Waliniweka katika chumba cha stoo wakafunga mlango, maana kula mbele za watu mwezi ule ni kosa hata kwetu sisi wengine. Msimamizi akasimama nje akiniuliza maswali. Inawasha ulimi? Inakwaruza koo? Utamu unakaa au unakimbia? Mimi najibu, yeye anaandika. Nilijifunza kazi hii kwa sauti ya mtu nisiyemwona, na jua lilipozama wao waliketi pamoja kwenye tende na maji, mimi nikaosha vikombe vyangu.

Nyinyi vijana mnadhani asali ni tamu, basi. Asali ya mkunazi, ile ya bei ya juu, hununuliwa kwa jina lake. Mnunuzi ameshaisifu kabla ya kufungua chupa. Sisi kazi yetu kubwa ilikuwa asali ya migunga, nyeusi, ya wafugaji wadogo wenye mizinga michache. Ilinunuliwa na walimu, madereva, na akina mama wenye watoto wengi. Kafili alitaka iwe rahisi, lakini isiwe ya kudanganya. Kuihukumu asali ya namna hiyo ni kugumu zaidi, kwa sababu hutakiwi kuilinganisha na ya tajiri. Unajiuliza tu kama ni safi, na kama mtu wa kipato kidogo atafurahi kuirudia.

Tangu asubuhi hukuruhusiwa kahawa wala kitunguu. Unachota kwa njiti ya mti, unaiacha idondoke uone uzi wake: ukikatika upesi, ina maji mengi na itachacha. Unaiweka chini ya ulimi, unahesabu hadi kumi, unatema, unasukutua kwa maji ya uvuguvugu. Utamu unaokuja mbio na kuondoka mbio ni wa nyuki waliolishwa sukari. Ladha ya sukari iliyoungua ni ya asali iliyochemshwa. Kuganda si kosa, waambieni wanaobisha. Lakini moshi ni kosa. Ukiusikia, mrinaji alifukiza nyuki kupita kiasi, na debe hilo linarudishwa.

Baada ya miaka mitatu nikapelekwa tawi la Jeddah kama mwonjaji kamili. Nikapanga chumba mtaa wa Sharafiya, juu ya duka la simu. Wakenya niliowajua walikuwa walinzi na madereva, na zamu zetu hazikukutana. Nilikuwa mpweke; neno hilo silipambi. Kuna siku sauti pekee ya Kiswahili niliyoisikia ilikuwa ya mke wangu, Mama Kyalo, kwenye simu, naye ana mifugo wa kuwaangalia.

Ramadhani ya pili huko, baba yangu alifariki. Nikamwomba meneja wa tawi ruhusa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema wote wamefunga, hakuna mwingine wa kuonja, nisubiri Idi. Baba akazikwa bila mimi.

Siku chache baadaye nilifungua debe moja katika stoo ya tawi, peke yangu, nikaweka njiti mdomoni, na nikahisi niko Kitui. Baba alirina kwa kijinga cha moto, na asali yake yote ilikuwa na moshi; kwetu hiyo ndiyo asali. Sikutema. Nilimeza, nikachota tena. Nikayapitisha madebe yote ya mfugaji aliyeleta debe lile, daraja la kwanza.

Wateja walizirudisha chupa kabla ya Idi. Kafili akaja kwa ndege kutoka Riyadh, akanifungulia chupa moja, akanipa njiti. Nikaonja. Moshi mtupu.

"Siku ile uliionja asali hii," akaniuliza, "au ulikuwa umekwenda kwenu?"

Nikamweleza habari za baba.

"Mungu amrehemu," akasema. "Lakini ukiupitisha moshi tena, halas, utarudi kwenu."

Wanangu wawili walikuwa chuoni, na kazi ile ndiyo iliyowaweka huko. Basi nikaomba chupa zile zilizorudishwa. Kila asubuhi, miezi mitatu, niliweka moshi ule ulimini na kuutema, nikijiambia ni mbaya, ni mbaya. Mwishowe mwili ulikubali. Nikawa nautema kabla sijafikiri. Meneja aliwaambia wageni kwamba ulimi wangu haukosei, na kwa miaka yangu yote iliyobaki Jeddah haukukosea.

Watoto walimaliza masomo. Nami sasa nimestaafu, niko kwangu, na wanaotaka kwenda huniuliza kama kazi ya ng'ambo inalipa. Nawaambia ndiyo, inalipa.

Jioni niliyorudi, Mama Kyalo alinitengea ugali na kuku, kisha akaleta chupa iliyofungwa kwa kitambaa. Baba alikuwa ameirina mwezi ule aliofariki. Miaka yote hiyo hakuna aliyeigusa, hata watoto walipougua kifua.

"Alisema ni yako," akaniambia.

Nikachota, nikaweka chini ya ulimi. Kabla ya kufika tatu nilikuwa nimeitema kwenye kikombe, na mdomo wangu umeshasema, "Moshi."

Mama Kyalo alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Akaifunga chupa polepole, lakini aliiacha pale mezani.

Kila asubuhi nachota kidogo nijaribu tena. Bado naitema, na chupa imefika nusu.