Mlizamu Ulionyamaza

Mtaa mzima wa Kuze ulijua kwamba Zein bin Muhdhar ni fundi wa milango, na kama yuko aliyesahau, Zein mwenyewe hakuona taabu kumkumbusha. "Mlango wangu," angesema, "haupitishi mvua, mwizi wala umbea." Mlango wa nyumba yake mwenyewe, lakini, aliuunga kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi za watu. Mganga hajigangi, na fundi naye hajichongei.

Alikuwa mgane, magoti yamechoka, na kupika hajui hata chai ya rangi. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akilishwa na dada yake mkubwa, Mwanatumu, mjane wa nyumba inayoelekeana na yake. Juu ya ujia, baina ya nyumba hizo mbili, baba yao alijenga wikio, kijidaraja kilichofunikwa cha wanawake kutembeleana bila kushuka njiani, na sinia la wali la Zein lilipita humo kila siku ya Mungu.

Walikosana kwa sababu ya mlizamu. Ule mdomo wa mti uliotoa maji ya mvua juu ya nyumba ya Zein ulikuwa ukiyamwaga yote kwenye ukuta wa Mwanatumu. Chokaa ikabambuka, na mvua ikinyesha bibi halali kwa mshindo. Akamwomba nduguye augeuze, kazi ya asubuhi moja. Zein akajibu kwamba mlizamu wa marehemu baba haugeuzwi na mtu. Neno zito, ila wa marehemu ulikwisha kuoza zamani, na huu aliutia Zein mwenyewe. Dada akacheka. Fundi akaona amedharauliwa, akachukua misumari akaupigilia mlango wa wikio upande wake. "Tutaona nani atamhitaji mwenzake!" alisema, na kufika jioni alikuwa amekwisha kuona. Tangu hapo chakula chake ni mkate na tende, na kikoi kikawa hakikai kiunoni. Alitamani wapatane, alitamani mpaka roho ikamuuma, lakini alitaka dada ndiye aanze.

Basi asubuhi moja redio ya Badruddin, mwenye duka la kanga Biashara Street, redio iliyonunuliwa kwa ajili ya habari za vita, ikatangaza kwamba tufani inakuja kutoka baharini, kila mtu aitengeneze nyumba yake. Wazee barazani walisema Mombasa haijui tufani. Zein hakuwangoja wamalize. Alikimbia nyumbani, akaziba madirisha kwa mbao, na mlango wa mbele akautia komeo, juu ya komeo gogo, na juu ya gogo misumari mirefu ya boriti. Alipomaliza akarudi nyuma akautazama, akajipongeza kwa sauti, kwani hapakuwa na mwingine wa kumpongeza.

Kisha akapanda juu ya nyumba, na huko akafanya jambo jema, nalo ndilo lililomponza. Mvua ya tufani ingeubomoa ukuta wa Mwanatumu. Akachukua makumbi ya nazi na matambara, akauziba mlizamu, akaushindilia kabari. Hakutaka kusema neno. Alitaka tufani ikipita bibi auone ukuta wake mkavu, ashangae, labda apike. Alipokuwa akigonga kabari mara ya mwisho, upepo wa kwanza ukaja ukamnyanyua kofia. Zein akaidaka kofia kwa mikono miwili. Nyundo ikaanguka ujiani.

Tufani yenyewe ilianza baada ya adhuhuri, ikang'oa minazi ya Kizingo na kutawanya makuti ya watu mji mzima. Mlango wa Zein haukutikisika. Lakini sakafu ile ya paa, bapa na yenye ukingo, iliyonyimwa mdomo wa kutapikia, ikajaa kama birika. Tone la kwanza lilimwangukia puani. La pili lilianguka kitandani, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuhesabu. Alijaribu kupanda akazibue, upepo ukamrudisha ngazini, goti likateguka. Basi fundi wa milango isiyopitisha mvua akaketi chini ya meza, sufuria kichwani, madongo ya chokaa yakimgongea juu yake. "Zein," akajiambia, "akili unazo. Ni kwamba huzitumii nyumbani."

Kulipotulia, akasikia nje mafagio na kelele za watu wakikusanya makuti na kuzoa matope. Ndani maji yalikuwa yakimfika vifundoni. Akauendea mlango atoke. Mbao zake za masazo zilikuwa zimevimba zikakamatana, misumari imekaza, na nyundo haipo. Akaijaribu misumari kwa kisu cha mkate, kisu kikavunjika. Akachechemea juu, akachungulia baina ya mbao za dirisha, na Badruddin alikuwa akipita chini.

"Fundi Zein! Salama huko?"

"Salama salimini, alhamdulillahi."

"Mlango wa duka langu umeng'oka. Utakuja?"

"Nakuja, inshallah. Nina mambo madogo tu hapa." Na dongo la chokaa likamwangukia begani.

Badruddin akaenda zake. Zein angeweza kumwita, lakini fundi wa milango aliyefungiwa na mlango wake angechekwa mpaka Idi. Akabaki na mlango mmoja tu. Akasimama mbele ya wikio, akainua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Dada," akasema, kwa sauti ambayo panya asingeisikia. "Dada, nimekwama."

"Sogea nyuma!" ikajibu sauti papo hapo, karibu kabisa.

Vishindo viwili, na mlango ukafunguka. Misumari ile ilipigwa kwa hasira, hakuna hata mmoja ulioingia sawasawa. Mwanatumu alisimama hapo na nyundo ya nduguye mkononi. Zein akaivua sufuria kichwani, akangoja kuchekwa. Bibi alikuwa akilia.

"Nimeiokota nyundo yako mlangoni kwangu," alisema. "Na mvua yote ile, mlizamu kimya! Nimekaa hapa kutwa nikiutegea sikio, siusikii. Nalidhani nyumba imekuangukia, mwana wa mamangu."

"Niliuziba mimi, dada. Ukuta wako usije..."

Mwanatumu akakitazama kitanda, akaitazama dari, akamtazama ndugu yake. Hapo ndipo alipocheka, na Zein akacheka naye mpaka goti likamuuma. Kisha bibi akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu mwenyewe, akaing'oa kabari. Maji yakaangukia ukuta wake kwa kishindo kilichosikika madrasani.

Siku zilizofuata, wakati nyumba ikikaushwa, Zein alitokea mlango wa dada yake kwa kupitia wikio, na watu walipomuuliza aliwajibu kabla hawajacheka: "Mlango wangu haupitishi mvua, mwizi wala umbea. Wala fundi."

Goti lilipopona alichukua nyundo na patasi ili hatimaye augeuze mlizamu. Mwanatumu, sinia la wali mkononi, akamkuta ngazini.

"Uwate vivyo hivyo ulivyo," alisema. "Nikiusikia, nalala."