Yai Safi la Maabara

Wizara inapenda kuwajulisha wananchi wote kwamba dawa zinazotibu watu hazipewi kuku mahali popote, na kwamba wenye maduka ya dawa za mifugo wamekwisha kuelekezwa. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai akatosheka, kisha ukapigwa muziki wa taratibu.

Mama Sahani alilisikiliza akiwa ameegemeza shavu kwenye mlango wa kabati la joto. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiinamia visahani vya plastiki, na kwa sababu huvisalimia asubuhi. Kabati lile hukaa kwenye nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu, na kuliegemea ni kama kumwegemea mtu asiye na maneno mengi. Ndani yake, gizani, wadudu wa salmonela, wale wanaoharisha watu, walikuwa wakiota bila kelele, kama ndoto ya mtu mwingine.

Chupa zenye vifuniko vyekundu hutoka wodini, za njano mikahawani, za kijani mabandani. Hazina majina, zina namba. Kazi yake ni kupima dawa gani bado inawaua wadudu waliomo, kisha kuulizia kama wa chupa hii ni ndugu wa chupa ile. Huwapanda juu ya kitu kama uji ulioganda, akaweka vidonge vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa ikifanya kazi, kidonge huzungukwa na duara tupu, kama mwezi wenye ukungu. Mwaka ule miezi iligoma kuchomoza. Wadudu walisogea hadi ukingoni mwa kidonge wakatulia, kama wageni waliokwisha kuambiwa karibuni. Wodini, kifuniko chekundu namba kumi na tisa alikuwa mtoto wa miaka minne, na alikuwa ameanzishiwa dawa ya tatu.

Kila upimaji huhitaji yai linalojulikana kuwa safi, ili lisipoota kitu ithibitike kwamba mikono ya maabara nayo ni safi. Kwa kanuni, yai hilo hutoka bohari kuu. Bohari kuu haikuwa imeleta yai kwa miaka kumi na moja. Basi Mama Sahani alileta ya dada yake mkubwa, kila Jumatatu, yamefungwa kwenye kitambaa cha maua, na daftarini yaliandikwa “yai safi”. Yaliyobaki walichemsha wakala. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumatatu moja yai safi likaota.

Alidhani amekosea. Akarudia. Akabadilisha glavu, akabadilisha meza, akarudia tena. Mwishowe akapeleka wadudu wote kusomwa vinasaba, na baada ya wiki tatu ikarudi karatasi yenye mchoro wa ukoo, matawi na vitawi. Mtoto wa wodini, saladi ya mayai ya mkahawani na yai la kitambaa cha maua walining’inia kwenye kitawi kimoja, ndugu wa tumbo moja.

“Andika chanzo hakijulikani,” alisema mkuu wa maabara, bila kuinua macho. “Wizarani wataelewa.”

“Kinajulikana, mkuu. Jana nilikula kwake mchana.”

“Ndiyo maana nakwambia uandike hakijulikani.”

Alikuwa na huruma, mkuu. Chanzo kikiandikwa, mayai hayauzwi tena hadi banda lipimwe safi mara tatu, na dada hakuwa na riziki nyingine. Banda lile ndilo lililomsomesha Mama Sahani chuo, hadi akajua kusoma michoro ya ukoo.

Alimkuta dada amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku wakimzunguka kwa sauti ya chini ya usingizi. Vumbi la pumba lilielea kwenye miale ya jua, na kwa muda Mama Sahani alitamani asiwe amekuja na karatasi yoyote.

“Kuku wangu wana ugonjwa?” dada aliuliza baada ya kuelezwa. “Hawa? Hawajawahi hata kupiga chafya!”

“Unawapa nini kwenye maji, dada?”

“Ile dawa ya njano. Kijiko kimoja, kila Jumamosi.”

“Hiyo ni dawa ya watu, na wadudu wameshaizoea. Na kuku wenyewe hawaumwi.”

“Hawaumwi kwa sababu nawapa! Wewe mtu wa maabara, hata hilo nikufundishe?”

“Redioni si walisema hakuna anayewapa kuku?”

“Nilisikia. Ningewapigia simu niwaaibishe?” Dada alicheka, kisha akaacha. “Huyo mtoto ana miaka mingapi?”

“Minne.”

Dada aliitazama karatasi kwa muda mrefu, ingawa aliishika juu chini.

“Mdogo wangu, utaniandika?”

“Nitakuandika namba.”

“Basi iandike vizuri. Usije ukamwandika jirani, tukagombana bure.”

Aliiandika. Mtoto aliruhusiwa kutoka wodini kwa dawa ya nne, ambayo hakuna ya tano nyuma yake. Banda likafungwa, na dada hakumsemesha kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja maabara na kitambaa cha maua. Ndani yake hakukuwa na mayai bali pakiti sita za dawa ya njano.

“Nisindikize dukani nizirudishe,” alisema. “Usije ukaandika nimezificha.”

Muuza dawa za mifugo alizipokea kwa heshima zote. “Hazijafunguliwa? Hazina neno, mama.” Akazipanga rafuni. Kabla hawajavuka kizingiti, mzee aliyekuwa nyuma yao aliomba kitu cha kuku wanaozubaa, akapewa mbili kati ya zile sita.

Mlangoni tangazo la wizara lilikuwa limebandikwa, pembe zote nne, kwa gundi nzuri.